Nguo gani za kuvaa ukijitengenezea gari uani? Niko Tanga, joto ndilo hili

Uani_Mikanjuni

Wakuu salaam. Niko Mikanjuni, Tanga mjini. Gari ni Toyota IST, na kazi ndogondogo nazifanya mwenyewe uani: kumwaga oili, plagi, pedi za breki, betri, na mara mojamoja kukata kwa grainda boliti iliyogoma. Kutu hapa pwani iko kwao, kwa hiyo grainda haikai sana kabatini.

Mpaka leo vazi la kazi ni bukta, tisheti ya kampeni na ndala. Nataka kununua nguo za maana ila nashindwa kuchagua. Kwenye mitumba ya Ngamiani kuna ovaroli za viwandani, nyingine nzito kama turubai, na joto la Januari mnalijua. Madukani kuna mpya za bei ya chini, nyepesi, zinang'aa kidogo. Nichukue ipi? Ovaroli nzima au suruali na shati? Sefti buti za mitumba zinafaa? Na hizi nguo zinafuliwaje, maana beseni nyumbani ni moja na mama watoto ameshatoa onyo.

---

Spana_14

Mkuu, anza na kitambaa. Mshono baadaye.

Hiyo ya dukani inayong'aa karibu kila mara ni poliesta tupu, au poliesta nyingi na pamba ya kuonjesha. Kwa oili na plagi haina ubaya mkubwa zaidi ya kukutoa jasho. Kwa mtu mwenye grainda, iache hapohapo dukani. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 na ushee, na ikishayeyuka inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kuibandua ni kubandua na ngozi. Cheche ya chuma inapotoka kwenye jiwe la grainda inavuka nyuzi 1,000. Pamba haiyeyuki. Inaungua, inakuwa jivu, na cheche ndogo mara nyingi huzimikia juu ya kitambaa ikakuachia doa jeusi tu. Hata ukigusa bomba la egzosi kwa mkono wa nguo, pamba inakupa sekunde ya kuondoa mkono.

Lebo ikiwepo tafuta pamba asilimia 100. Kwenye mitumba lebo nyingi zimekatwa, kwa hiyo pima kwa moto: chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, ushike kwa koleo, uwashe kiberiti. Pamba inashika haraka, inanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake linasagika kidoleni likawa unga. Poliesta inajikunja ikikimbia moto, inatoa moshi mweusi, na mwisho wa uzi unabaki ushanga mgumu. Mchanganyiko unatoa vyote viwili, jivu lenye punje ndani. Omba ruhusa ya muuzaji kwanza, na usifanyie jaribio hilo juu ya fungu la nguo za watu.

Uzito: hizo ulizoona nzito zina gramu 280 hadi 300 kwa mita mraba, zimeshonwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kwa Tanga tafuta gramu 190 hadi 220. Zile za mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 ndizo zimejaa kila mahali. Hazichakai haraka, zinakauka upesi, na kwa kazi ya spana peke yake hazina neno. Cheche ndiyo inayozikataa.

Ukiijaribu usisimame tu mbele ya kioo. Chuchumaa mpaka chini, halafu nyanyua mikono yote miwili juu kana kwamba uko chini ya gari unafungua nati ya kumwagia oili. Ikikubana kwenye paja au kwapa itachanikia hapo hapo siku ya pili. Ikining'inia kiunoni na kwenye viganja nayo ni mbaya, maana kitambaa cha ziada ndicho kinachokamatwa na mkanda wa feni. Mwisho angalia zipu na vifungo. Ziwe zimefunikwa na ukanda wa kitambaa, vinginevyo kila ukiegemea fenda unaandika mstari kwenye rangi. Bizimu ya mkanda wa suruali na zile pini za shaba za jinzi zinafanya uharibifu huo huo.

---

Fundi_wa_Duga

Hapo kwenye kitambaa niko pamoja nawe, Spana. Ila ovaroli nzima kwa Tanga mimi napinga. Ukimwagikiwa na petroli, maji ya betri au maji ya rejeta yanayochemka, nguo inatakiwa itoke mwilini mara moja. Shati linatoka kwa kuvuta vifungo. Ovaroli mpaka ufungue zipu, utoe mabega mawili, ndipo uanze kuhangaika na viatu. Na kila ukitaka kwenda msalani unavua nusu ya mwili.

Hasara ya vipande viwili ipo, nakiri: ukilala chali shati linapanda, mgongo unabaki wazi, mchanga na magamba ya kutu yanaingia mpaka kiunoni. Dawa yake ni shati refu linalofika nusu ya makalio na kuchomekwa, pamoja na suruali yenye kiuno kilichopanda nyuma.

Mitumba ikikunyima saizi, nenda kwa fundi cherehani. Nunua dangarizi nyepesi ya pamba, mita 3 na nusu za upana wa inchi 60 zinamtosha mtu wa kimo cha wastani kwa shati na suruali. Kabla haijakatwa, iloweke usiku kucha na uianike, kwa sababu pamba mpya inanywea. Ukiishona mbichi, fulio la kwanza linakupa suruali ya mdogo wako. Mwambie fundi hivi: pindo la suruali lisigeuzwe nje, maana mkunjo unadaka cheche na kuzitunza, mifuko ya kifua iwe na kifuniko, miisho ya mikono ya shati ifungwe kwa kifungo, siyo lastiki iliyolegea, vifungo viwe vya plastiki na vifichwe ndani. Mfuko wa nyuma mwambie asiweke kabisa. Ukiwepo utatia bisibisi, kisha utakalia.

---

Bi_Chumbageni

Naomba nidandie mada. Sisi tunaojistiri tunafanyaje? Dera ndiyo nguo ya nyumbani, na ushungi siutoi, uani kwetu watu wanapita. Nabadilisha plagi na betri mwenyewe.

---

Fundi_wa_Duga

Dada, dera liache ndani. Tatizo lake siyo kuchafuka. Upana ule ukiinama juu ya injini unaning'inia usawa wa mkanda wa altaneta bila wewe kuona. Feni za umeme za rejeta nazo hazisubiri injini iwake: swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na maji yakiwa ya moto, inaruka yenyewe, na kwenye baadhi ya gari hata kuchomoa soketi ya sensa ya joto kunaifanya ianze kuzunguka. Kaka zangu wenye msuli na kanzu, hayo yanawahusu pia.

Vaa suruali pana ya pamba, na juu yake shati la kazi linalofika katikati ya mapaja, lenye mpasuo pembeni ili uchuchumae vizuri. Kichwani anza na kofia ya ndani ya ushungi inayobana, halafu kitambaa cha pamba kifupi, ukizungushe, ukifunge nyuma ya shingo na ncha zote uzitie ndani ya kola. Kola ifungwe mpaka juu. Pini usitumie, ikidondoka kwenye tundu la plagi uliyokwisha kuichomoa, umejipa kazi ya siku nzima. Shifoni na zile za kuteleza ni poliesta, mchezo wake ndio ule ule alioueleza Spana.

Na kwa kuwa umetaja betri: bangili, pete na saa ya chuma vyote vinatoka kabla ya kufungua boneti. Betri ya volti 12 haikurushi kwa umeme, lakini inaweza kusukuma mamia ya ampea. Pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inakuwa nyekundu ikiwa kidoleni. Ndiyo maana hasi inafunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Spana namba 10 ikigusa bodi ukiwa kwenye hasi hakuna kinachotokea; ukiwa kwenye chanya na hasi bado iko, unachomelea.

---

Buti_Namba_43

Mimi nijibu la viatu, kwa sababu sefti buti za mitumba zina mtego ambao watu wengi hawaujui.

Soli nyingi za buti hizi ni poliuretani, aina ya plastiki. Ni nyepesi, haitelezi, oili haiitishi. Adui yake ni unyevu na joto. Vinaivunja taratibu kutoka ndani hata kama buti limekaa tu stoo halijavaliwa, na mji wetu una vyote viwili mwaka mzima. Unanunua buti ngozi yake safi kabisa, unavaa wiki mbili, soli inamong'onyoka vipande vipande sakafuni. Watengenezaji wengi huhesabu miaka mitatu hadi mitano kwa soli ya aina hiyo. Ndani ya ulimi wa buti pana lebo yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, isome. Lebo ikiwa imefutika, bonyeza ukucha ubavuni mwa soli, pale juu ya kisigino, kisha likunje buti kwa nguvu. Ukucha ukizama na kuacha alama inayonata, au ukiona mipasuko midogo midogo, rudisha. Soli ya raba nyeusi halisi ni nzito zaidi lakini haina ugonjwa huo.

Alama kwenye lebo: SB ni kinga ya vidole tu. S1P imeongezewa bamba la kuzuia msumari usipenye. S3 nayo inalo hilo bamba, na ngozi yake inazuia maji kwa muda. Kwa uani penye mchanga na misumari ya mabanda, S1P inatosha na inapitisha hewa kuliko S3. Chuma cha vidole hupimwa kwa pigo la joule 200, yaani kilo 20 zikidondoka kutoka kama mita moja. Diski ya breki, jeki, hata rimu yenye tairi, vidole vinasalimika. Gari likiteleza kwenye jeki hakuna buti litakalokusaidia. Hilo ni la stendi, vile vyuma vya kulishikilia gari likishainuliwa, na ubao mgumu chini yake, hasa kwenye mchanga wetu.

Ndala na yeboyebo hazina mjadala. Yeboyebo ina matundu juu, oili ya moto inapita moja kwa moja. Buti za mpira za mvua nazo usizikimbilie: petroli inazilainisha, na kimiminika cha moto kikiingia kwa juu kinakaa na mguu wako humo ndani. Ndiyo maana suruali inashuka NJE ya buti, haichomekwi ndani, iwe ni buti la aina gani.

---

Oili_Chafu

Naona glavu hamjazigusa, na kwa kazi alizotaja ndizo zinazogusana na uchafu kuliko nguo yenyewe. Oili iliyotumika siyo sawa na oili mpya. Ndani yake kuna mabaki ya mwako, yale yanayoipa weusi, na yakikaa kwenye ngozi kila mara kwa miaka huweza kuleta saratani ya ngozi. Kupakwa mara moja ukanawa hakuna kishindo. Hatari ni kitambaa chenye oili kilichotiwa mfuko wa suruali na kulala pale kutwa nzima juu ya paja. Hiyo tabia iko kila gereji.

Glavu zile nyeupe za duka la dawa ni za mpira wa asili. Ukizitia oili au petroli zinavimba, zinalegea, zinapasuka, na kabla hazijapasuka zimeshapitisha. Soma boksi, tafuta nitrili, yaani mpira wa kiwandani, unene wa milimita 0.15 au zaidi. Za hospitali zenye nusu ya unene huo zinachanwa na ncha ya kwanza ya kibanio. Rangi siyo ushahidi, kuna za buluu ambazo si nitrili. Hata nitrili ina mpaka wake: dawa ya kupuliza ya kusafishia breki inapenya kwa dakika chache, kwa hiyo ikimwagikia vua, vaa nyingine.

Ukiwa chini ya gari mikono ikiwa juu, oili inashuka kwenye kiganja, inaingia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Vaa glavu juu ya mkono wa shati, kisha kunja ukingo wake nje sentimita mbili uwe mfereji. Tone linaishia pale. Na usimwage oili injini ikitoka safari. Iwashe dakika tano, izime, subiri kumi, inatoka vizuri bila kukubabua.

Glavu za uzi zenye vidoti ni za kunyanyulia tairi. Kwenye oili zinanyonya na kuishikilia ngozini, bora mkono mtupu. Karibu na drili, grainda au mkanda unaozunguka ni marufuku, uzi mmoja ukinaswa unavuta kidole.

Kunawa: kijiko cha mafuta ya kupikia na sukari, sugua mikono mikavu, futa, ndipo sabuni na maji. Petroli inatoa mafuta yote ya ngozi na kuacha mipasuko ambayo kesho oili itapitia.

---

Uani_Mikanjuni

Asanteni wakuu, hii ni zaidi ya nilichouliza. Bado kufua. Na shati moja la pamba nililovaa wakati wa kubadili betri limetoka matundu baada ya kufuliwa, ingawa kabla halikuwa na kitu. Ni sabuni?

---

Oili_Chafu

Sabuni haina kosa. Ni maji ya betri, asidi ya salfa. Tone dogo linakauka bila kuonekana, linaendelea kula pamba, na nyuzi zilizokwisha kuoza zinaachana kwenye fulio. Hapa ndipo poliesta inaishinda pamba, asidi hiyo haiisumbui sana. Huna haja ya kununua shati lingine. Vaa aproni ya plastiki juu ya pamba siku ya betri. Ukihisi limerukia nguo, mwagia maji mengi hapo hapo, kisha, kwenye nguo tu, mwagia maji yaliyoyeyushwa magadi mpaka povu likome, suuza. Kwenye ngozi na macho ni maji safi peke yake, mengi, dakika 15 au 20, na kama ni macho unakwenda hospitali huku bado unayasuuza.

Kufua, tafuta ndoo ya lita 20 uiandike KAZI, beseni la nyumbani liache. Nguo iliyoingia petroli kwanza ianikwe nje kwenye upepo, mbali na jiko la mkaa, mpaka harufu iishe kabisa. Maji ya moto juu ya petroli yanapandisha mvuke unaosubiri kiberiti. Nguo yenye vumbi la breki usiikung'ute, pedi za zamani nyingine zina asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Ilowanishe palepale.

Madoa ya oili yashambulie yakiwa MAKAVU. Sabuni ya maji ya vyombo bila kuichanganya na kitu, mswaki wa zamani, sugua kutoka pembeni ya doa kuja katikati, acha nusu saa. Ukianza kwa kulowesha, maji yanaziba nyuzi na sabuni haifiki kwenye oili. Baada ya hapo sabuni ya unga na maji ya moto kiasi mkono unavumilia. Doa likibaki rudia; usipige pasi kwanza, pasi inalifunga humo moja kwa moja. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe haitoi oili, inadhoofisha pamba tu. Na maji ya fulio usiyamwage karibu na kisima.

---

Uani_Mikanjuni

Nimeelewa. Swali la mwisho: mwezi huu mfuko unaruhusu vitu viwili tu. Nianze na vipi?

---

Spana_14

Miwani ya kazi na buti. Boksi la nitrili lipenyeze kwenye hela ya mboga.

Nguo tayari unayo: jinzi ya zamani ambayo haivutiki, kwa maana ile inayovutika ina nyuzi za plastiki, na shati la pamba la mikono mirefu. Zile pini za shaba mfukoni zibandike plasta ukiwa karibu na rangi.

Miwani ndiyo hujaitaja hata mara moja, na wewe unalala chini ya gari la pwani. Gonga boliti yoyote, magamba ya kutu yanadondoka wima usoni. Chukua iliyofunga pembeni, yenye alama EN 166 (kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga), na matundu ya hewa pembeni, maana kwa unyevu huu iliyoziba kabisa inapata ukungu ndani ya dakika tano utaivua mwenyewe. Ya kuchomelea yenye kioo cheusi ni kazi nyingine, usiitumie uvunguni, huoni kitu. Na ukiisafisha tumia maji na sabuni ya mche. Ukiifuta kwa petroli au dawa ya breki lenzi inafanya ukungu usiotoka, nyingine zinapasuka.